Mtoto wa miaka minane amenenepa kupita kiasi: chanzo ni nini, na sisi wazazi tuna sehemu gani?

Mama wa Isevya ameandika:

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninaishi Isevya, hapa Tabora mjini, na ninaomba ushauri kuhusu mwanangu wa kwanza, mvulana wa miaka minane aliye darasa la tatu. Mwanzoni mwa muhula walipimwa uzito na urefu shuleni, na karatasi aliyorudi nayo nyumbani ilionyesha kilo 36 na sentimita 130. Chini yake mwalimu aliandika kwa kalamu nyekundu kwamba mzazi afuatilie uzito wa mtoto, bila kueleza afuatilie nini wala kwa namna gani.

Nikiyatazama maisha yetu sioni ulafi wowote. Asubuhi anakunywa chai ya maziwa kwa maandazi mawili au chapati, na shuleni anakwenda na shilingi elfu moja. Mchana na usiku anakula tunachokula sote, wali au ugali na mboga. Shule anapelekwa kwa bajaji na kurudishwa kwa bajaji, kwa sababu barabara ile ina malori mengi. Akirudi anakwenda twisheni hadi saa kumi na mbili jioni, kisha anaangalia katuni mpaka chakula kiive. Baba yake ni mtu wa safari, na kila anaporudi huwaletea watoto chipsi kuku na soda, nao wamekwisha kuzoea hivyo. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, anasema mjukuu wake amenawiri, na kwamba nikianza kumpunguzia chakula majirani watadhani nyumba hii imeingiliwa na njaa. Kwa kuwa upande wa mume wangu wengi ni wanene, yeye anaamini kwamba hayo ni mambo ya damu.

Wenzake wameanza kumwita Bonge, naye siku hizi hataki kuvua shati wakati wa michezo. Je, unene huu unatokana na ukoo, na chakula, ama kuna ugonjwa uliojificha? Na mzazi afanye nini bila kumnyima mtoto chakula?

Baba wa Cheyo amejibu:

Pole, dada yangu. Kwa maoni yangu usijisumbue mno. Mimi mwenyewe nilikuwa mnene hadi darasa la sita, na nilipobalehe nikarefuka, mafuta yakaisha bila mtu kunipima wala kuniandikia karatasi. Mama mkwe wako ana haki anaposema ni damu, kwani kila ukoo una maumbile yake, na huwezi kumgeuza mtoto wa wanene awe mwembamba kwa kumhesabia maandazi.

Na hilo la chipsi, mtuonee huruma sisi wanaume wa safari. Mtu amekaa barabarani siku nyingi, watoto wanamsubiri mlangoni, halafu aingie mikono mitupu?

Afisa Lishe Mstaafu amejibu:

Mama wa Isevya, umefanya vema kuleta vipimo vyenyewe, kwa kuwa jicho la mzazi hudanganya pande zote mbili. Nimefanya kazi ya lishe katika mkoa huu kabla ya kustaafu, kwa hiyo nitajibu kwa urefu kidogo, mnivumilie.

Tuanze na hesabu ambayo mwalimu hakuiandika. Uzito kwa kilo hugawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa urefu huohuo. Kwa mwanao, 1.30 mara 1.30 ni 1.69, na 36 ukiigawanya kwa 1.69 unapata 21.3. Kwa mtu mzima namba hiyo ni nzuri kabisa, na ndiyo maana wazazi wengi hushangaa wanapoambiwa kuna tatizo. Watoto, hata hivyo, wana viwango vyao vinavyobadilika kwa umri na kwa jinsia. Katika chati za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2007, mvulana wa miaka 8 aliye katikati ya wenzake ana takribani 15.7, akivuka 17.4 huhesabiwa kuwa na uzito uliozidi, na akivuka 19.7 huhesabiwa kuwa na unene uliokithiri. Mwalimu hakukosea kushika kalamu nyekundu.

Sasa chanzo. Mwili wa mtoto huweka akiba ya mafuta pale nishati inayoingia kwa chakula na kinywaji inapozidi ile inayotumika kukua, kucheza na kuishi. Ziada hiyo si lazima iwe kubwa. Inatosha iwe ndogo na ya kila siku, mwaka baada ya mwaka. Ndiyo sababu unatafuta ulafi huuoni. Mvulana wa umri huo huhitaji kilokalori 1,600 hivi kwa siku, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati yote, na ikiwezekana isizidi asilimia 5. Kwa mwanao hizo ni gramu 40, au gramu 20 kwa kile kiwango bora zaidi. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba gramu 4 hivi, nasi vijiko vyetu huwa haviponi kilima juu yake. Kama anatia vijiko vitatu asubuhi na vitatu jioni, tayari ni gramu 24, kabla hatujaigusa sukari iliyokandiwa ndani ya maandazi. Siku baba anaporudi, chupa moja ya soda ya mililita 350 huleta gramu 35 au zaidi, yaani karibu kiwango chote cha juu cha siku nzima, na huletwa na kinywaji ambacho hakishibishi: mtoto huimaliza soda na bado huikabili sahani ya wali kama mtu ambaye hajaonja kitu.

Mafuta nayo yana hesabu yake. Kijiko kikubwa kimoja kina kilokalori 120 hivi, yawe ya alizeti, ya karanga au mawese yanayoshushwa kutoka Kigoma. Kwa jambo hili hakuna mafuta mepesi. Chapati, maandazi na chipsi vyote vimenyonya mafuta, na mtoto anayevipata asubuhi nyumbani, saa nne shuleni na usiku baba anaporudi, amekwisha kupata nishati nyingi ambazo hakuna aliyeziona zikipita. Tazama pia ukubwa wa sahani. Katika nyumba nyingi nilizotembelea nilikuta mtoto wa darasa la pili anapakuliwa ugali sawa na baba yake, kisha anaambiwa amalize, eti kubakiza ni dharau kwa mpishi.

Kwa upande wa matumizi, mwaka 2020 shirika hilohilo lilipendekeza kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kucheza au kufanya kazi kwa nguvu, kiasi cha kupandisha mapigo ya moyo. Nimeisoma ratiba uliyoiandika mara mbili nikizitafuta dakika hizo, sijaziona. Kuna bajaji, dawati, bajaji, dawati la twisheni, kisha kochi. Hujataja saa ya kulala, lakini katuni zikifika saa nne usiku, hilo nalo lihesabu: mtoto wa umri huo huhitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, na anayelala kidogo huamka na njaa kubwa zaidi, hasa ya vitu vitamu.

Kuhusu damu, mama mkwe hakusema uongo. Urithi una nguvu katika jambo hili, na mwaka 2007 watafiti waliihusisha jeni iitwayo FTO na uzito wa mwili, nyingine nyingi zikafuata. Lakini mara nyingi jeni hizo hufanya kazi kwa kuongeza hamu ya kula na kuchelewesha shibe. Zinahitaji chakula kiwepo mezani. Tena watu wa ukoo mmoja hawachangii damu tu, wanachangia pia jiko, saa za kula, na desturi ya kumkaribisha mgeni kwa soda. Jeni za watu wa Tabora hazijabadilika tangu enzi za babu zetu waliokwenda kwa miguu kutoka Uyui hadi mjini. Yaliyobadilika ni mengineyo yote.

Ndugu yangu wa Cheyo, nafurahi kwamba wewe ulirefuka ukapungua, na wapo wa namna hiyo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya watoto wenye unene uliokithiri hubaki nao ukubwani, na uwezekano huo huongezeka kadiri umri unavyosogea na pale wazazi wenyewe wanapokuwa wanene. Kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu na mafuta kwenye ini, ambavyo tulizoea kuviona kwa watu wa makamo, sasa huwapata hata vijana wa sekondari. Mtu asidhani pia kwamba haya ni mambo ya Dar es Salaam pekee. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa na asilimia 4 wana uzito uliozidi, na hali hizo mbili huweza kukutana katika mtaa mmoja, pengine katika nyumba moja. Mtoto aliyekosa lishe bora tumboni na utotoni, kisha akaja kulishwa wanga, sukari na mafuta kwa wingi, huwa katika hatari zaidi ya kuweka mafuta.

Ugonjwa uliojificha ni nadra. Matatizo ya homoni yanayonenepesha mtoto kwa kawaida humzuia pia kurefuka, hivyo mtoto huwa mnene na mfupi. Wako ana sentimita 130, ilhali wastani wa wavulana wa miaka 8 ni 127 hivi. Kwa hiyo anarefuka vizuri. Ungeniambia kwamba ameacha kurefuka, au ametumia kwa muda mrefu dawa za jamii ya prednisolone kwa ajili ya pumu au ngozi, ningekuambia uende hospitali kesho asubuhi.

Jibu la swali lako la mwisho ndilo linalowafurahisha wazazi wengi: hakuna haja ya kumkondesha. Mtoto wa miaka minane bado anakua, na kinachotakiwa ni uzito usimame wakati urefu unaendelea. Akibaki na kilo 36 na mwakani akafika sentimita 136, hesabu yake itakuwa 19.5, na kwa miaka 9 mpaka wa unene uliokithiri utakuwa umesogea hadi 20.5 hivi. Atakuwa ameutoka bila kulala na njaa hata usiku mmoja. Mzazi aamue kinachopikwa, saa ya kula na mahali pa kulia. Mtoto aamue ale kiasi gani, na akisema ameshiba, aaminiwe. Soda iondoke nyumbani kwa wote, si kwake peke yake, kwa maana mtoto anayetazama mdogo wake akinywa kile alichokatazwa hatajifunza afya, atajifunza kuiba. Maji yawe ndicho kinywaji cha nyumba. Sukari ya chai ipungue kijiko kimoja kwanza, ndimi zikizoea kipungue kingine. Maandazi yabaki siku moja au mbili za wiki, siku nyingine awe na viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, au mihogo isiyokaangwa. Mboga za majani na maharage vikijaa nusu ya sahani, wali utajipunguza wenyewe.

Na baba asirudi mikono mitupu, la hasha. Aje na tikiti maji, aje na machungwa, aje na mpira.

Mwalimu wa Kiloleni amejibu:

Nakubaliana na mengi aliyoyasema Afisa Lishe, ila naona amemtwisha mzazi mzigo ambao sehemu yake ni yetu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na ningependa mjue ile shilingi elfu moja inakwenda wapi.

Kengele ya saa nne ikilia, nje ya geti huwa kuna meza tatu au nne. Juu yake utakuta maandazi, kashata, ubuyu uliotiwa rangi hadi ulimi wa mtoto unakuwa mwekundu, biskuti, na juisi za rangi zilizofungwa kwenye vifuko, ambazo mtoto huving'ata pembeni na kuzifyonza akikimbia. Pembeni kabisa huwa kuna mama mmoja mwenye karanga za kuchemsha, na msimu ukifika, maembe ya hapahapa Tabora, embe zima kwa bei ya kutupa. Watoto wenye fedha humpita, kwa sababu embe lipo nyumbani kwao chini ya mti na kwa hiyo si la kujivunia. Mtoto mwenye elfu moja hununua vitu vitatu au vinne na kuwagawia marafiki ili wampende. Nimeona pia kwamba watoto walioanza kuitwa majina kwa sababu ya miili yao ndio wanaonunua zaidi, kama vile wanalipia urafiki. Mama wa Isevya, mwulize mwanao kwa upole anakula na nani.

La pili ni michezo. Kipindi kimo kwenye ratiba, lakini darasa la nne wana upimaji wa kitaifa na la saba wana mtihani wa kumaliza, na katika shule nyingi kipindi hicho humezwa na mazoezi ya hesabu tangu darasa la tatu. Wazazi wenyewe ndio wanaotushukuru kwa kufanya hivyo. Wanaodai twisheni hadi jioni ni wazazi. Sijawahi kumsikia mzazi akisimama kwenye kikao kuuliza kwa nini mwanawe hakucheza rede wiki hii. Mkitaka kubadilisha meza zile za getini na kipindi kile cha michezo, njooni kwenye kikao cha kamati ya shule mliseme kwa pamoja, kwa sababu mzazi mmoja anayemwambia mtoto asinunue soda huku dirisha la duka la shule likiuza soda anapigana vita peke yake.

Kuhusu jina la Bonge, mwalimu wa darasa aambiwe kwa maandishi. Sisi wenyewe wakati mwingine tunaita majina hayo kwa mzaha tunapogawa nafasi za mbio. Mtoto anayechekwa akikimbia huacha kukimbia, na akiacha kukimbia hunenepa zaidi.

Mzee wa Sikonge amejibu:

Nawasalimu, wanangu. Mimi ni mfugaji wa nyuki, na nimesomewa maelezo yenu na mjukuu wangu. Yapo mawili.

La kwanza, msimlaumu sana huyo bibi. Sisi tulikulia miaka ambayo mtoto mwembamba alikuwa mtoto wa kuogopewa, ama kwa njaa, ama kwa surua, na baadaye yakaja maradhi ya kukonda ambayo kila mtu alimnyooshea mwenzake kidole. Mtoto mwenye mashavu alikuwa ushahidi kwamba nyumba imesimama. Bibi huyo anamlinda mjukuu kwa silaha aliyoijua. Sisi tulikula michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, tulikula ugali wa mtama na mlenda, na asali tulikula hasa, wala hapakuwa na mtoto wa kuitwa Bonge. Lakini tulichunga, tulichota maji, na shule ilikuwa mbali.

La pili ni swali. Nasikia watu wa mjini wanaacha sukari na kutumia asali, nami kama muuzaji ningefurahi. Je, asali ya miombo yetu, isiyochanganywa na kitu, nayo inanenepesha?

Mama wa Isevya ameandika:

Shikamoo, Mzee wa Sikonge, na asanteni nyote. Nimemwuliza mwanangu kuhusu ile elfu moja, na mambo ni kama alivyosema mwalimu: juisi za vifuko, biskuti, na kugawa.

Nina jambo ambalo sikulitaja, kwa sababu nililiona dogo. Shingoni kwa nyuma ana weusi kama mkanda, ngozi yake imekuwa nene kidogo, na kwapani pia. Nimekuwa nikimsugua kwa dodoki na sabuni kila Jumamosi nikidhani haogi vizuri, hadi analia, na weusi hautoki. Usiku anakoroma sana, na kuna wakati pumzi hukatika kidogo kisha anashtuka. Je, haya yana uhusiano?

Afisa Lishe Mstaafu amejibu:

Mama, acha kabisa kumsugua, hiyo si taka. Weusi wa namna hiyo shingoni na kwapani kwa mtoto mnene mara nyingi huonyesha kwamba mwili wake umeanza kuwa mzito kuitikia insulini, ile homoni inayoingiza sukari kwenye chembe za mwili. Kongosho hulazimika kuitoa kwa wingi zaidi, na wingi huo huchochea ngozi kukua na kuwa nyeusi. Si kisukari, lakini huweza kuwa njia ya kuelekea huko, na uzuri wake ni kwamba uzito ukitulia, weusi huo mara nyingi hufifia wenyewe. Mpeleke Kitete, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, au kituo cha afya kilicho karibu, asubuhi kabla hajala, apimwe sukari ya damu, na uombe wampime shinikizo la damu kwa mkanda wa mtoto, kwa kuwa mkanda usiolingana na mkono hutoa namba ya uongo. Mweleze daktari pia kuhusu kukoroma na kukatika kwa pumzi, maana mafuta ya shingoni au tezi za kooni huweza kubana njia ya hewa, na mtoto anayelala hivyo huamka amechoka, husinzia darasani, na jioni hana nguvu za kucheza.

Mzee wangu wa Sikonge, shikamoo. Najua jibu langu halitaisaidia biashara, lakini kwa mtoto huyu asali huhesabiwa pamoja na sukari. Shirika la Afya Duniani huiweka kundi moja na sukari ya mezani na juisi za matunda, hata zile zilizokamuliwa nyumbani bila kutiwa kitu. Kijiko kikubwa cha asali kina kilokalori 60 hivi, na utamu wake huingia kwenye damu upesi. Mtu akiweka kijiko kimoja cha asali mahali pa vijiko vitatu vya sukari, sina ugomvi naye. Akiiongeza juu ya sukari kwa kuwa ni ya asili, hapo amejidanganya. Na kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asali isitumike hata tone, kwa sababu huweza kuwa na vijidudu vinavyosababisha botulizimu, ugonjwa unaolegeza misuli hadi ile ya kupumua. Embe la kutafuna, kwa upande mwingine, halimo katika hesabu hiyo, kwani sukari yake imefungwa ndani ya nyuzinyuzi na mtoto hushiba kabla hajala mengi. Yule mama wa pembeni mwa meza, aliyemtaja mwalimu, ndiye apelekewe wateja.

Baba wa Cheyo amejibu:

Nimesoma habari ya shingo, nikamwita binti yangu nikamtazama. Ana weusi huohuo. Afisa, hiyo sukari hupimwa siku yoyote, au kuna siku maalumu ya kliniki?

Afisa Lishe Mstaafu amejibu:

Siku yoyote ya kazi, ndugu yangu. Alale bila kula chochote baada ya chakula cha jioni, anywe maji tu, mfike mapema. Nenda naye wewe mwenyewe, usimwachie mama yake.

Shangazi wa Ng'ambo amejibu:

Mama wa Isevya, wataalamu wamesema yao, nami nina neno kuhusu mama mkwe, kwa sababu usipolimaliza hilo, kila utakachokitoa mezani kitarudi kupitia mlango wa jikoni.

Usimwambie kwamba amemharibu mtoto, na usimsomee maandishi haya. Mwombe akusindikize siku ya kwenda kupima, aketi ndani, amsikie daktari kwa masikio yake. Wazee wetu humsikiliza aliyevaa koti jeupe kuliko mke wa mtoto wao, na akirudi nyumbani atayasema yeye kama yake, nawe umwache ayaseme. Kisha mpe madaraka. Yeye ndiye anayejua kupika nsansa kwa karanga, mlenda, na michembe, na mjukuu anayemtegea bibi masikio atakula mboga ya bibi kabla hajala yako. Karanga tu umwombe azitie kwa kiasi. Jioni moja kwa wiki kabla ya twisheni, au tatu kwa wiki badala ya twisheni kama mume wako atakubali, mtoto aende na bibi sokoni kwa miguu, abebe kikapu. Bibi hatembei haraka, lakini atakuwa anatembea.

Na mbele ya mtoto msizungumze habari za uzito kabisa, wala msimpime kila juma. Mara moja kwa mwezi inatosha, na apimwe pamoja na wadogo zake kama jambo la nyumba. Ile elfu moja usiikate kwa siku moja, atajiona ameadhibiwa na marafiki watamkimbia. Mfungie karanga za kuchemsha na ndizi za kutosha watoto watatu, apate cha kugawa, na fedha ishuke taratibu hadi mia tatu. Mume wako naye, siku atakayorudi na mpira badala ya chipsi, mwambie akae uwanjani aucheze nao mpaka jua lizame, kwa kuwa mpira ulioachwa pembeni ya kochi hautapigwa na mtu.